Sugu hakuokotwa jukwaani

Makamanda, uchaguzi ukikaribia swali ni lile lile vijiweni, kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya mpaka Kihesa kule Iringa: "Safari hii tunamsimamisha msanii gani?" Ukibisha unajibiwa neno moja tu: Sugu. Mimi nasema tunamsoma Sugu vibaya.

Turudi nyuma kidogo. Joseph Mbilinyi alitoa albamu ya "Ni Mimi" mwaka 1995 akiitwa 2-Proud, baadaye akawa Mr. II, halafu Sugu. Enzi hizo kurap kwa Kiswahili wengi waliona uhuni tu. Yeye akakomaa. Mwishoni mwa miaka ya 90 akaja na "Hali Halisi", wimbo uliosema waziwazi ugumu wa maisha ya kijana na jinsi wakubwa wanavyomchukulia. Ubunge wa Mbeya Mjini aliupata 2010. Piga hesabu: miaka 15! Watu walishamjua anasimamia nini kabla hajaomba kura hata moja.

Na hakuwa akigombana na wanasiasa tu. Kwa miaka mingi alilia na wizi wa kazi za wasanii. Hata alipokuwa mbunge, mwaka 2011, aliongoza wenzake kwenye harakati ya Anti-Virus dhidi ya Clouds FM, ambayo wao waliona imeshika koo la muziki wa Bongo. Ukubali au ukatae walichosema, huyo ni mtu aliyegombania kazi yake mwenyewe kwanza.

Mwaka huo huo wa 2010 Iringa Mjini walimchagua Mchungaji Peter Msigwa. Hakuwa msanii. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini hatukuchagua mikrofoni, tulichagua midomo isiyoogopa. Februari 2018 Sugu alifungwa miezi mitano kwa maneno aliyoyasema mkutanoni kumhusu Rais Magufuli, akatoka Mei kwa msamaha. Na Mei 2024, alipogombea uenyekiti wa Kanda ya Nyasa dhidi ya Msigwa huyo huyo, alishinda kwa kura 54 kwa 52. Kura mbili! Jina kubwa halikumbeba kwa wajumbe, alizitafuta kura kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tujiangalie sisi. Kijana anarekodi kwenye chumba kimoja, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Tunamwita mkutanoni saa nane mchana achangamshe watu kabla viongozi hawajafika. Anapiga nyimbo tatu juani. Jioni akiuliza nauli anaambiwa, "Kamanda, jitolee, hii ni harakati." Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Halafu tunashangaa msimu wa kampeni akionekana na fulana ya kijani! Wenzetu wanamlipa, sisi tunampa pongezi.

Najua mtasema chama hakina hela. Kweli. Lakini heshima siyo lazima iwe mamilioni. Kubalianeni naye kabla ya siku, hata kama ni nauli na chakula. Wimbo akiutunga kwa ajili yetu, ubaki mali yake, na tumsaidie kuusajili COSOTA. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, lakini vijana wengi hawajui hata pa kuanzia, na sisi tuna wanasheria humu humu ndani.

La mwisho ndilo zito. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo "Wapo". Aprili mwaka huo Roma na wenzake walichukuliwa studio Dar na watu wasiojulikana, wakaonekana siku kadhaa baadaye. Hao wana majina, nchi nzima ilipiga kelele. Je, yule wa Uyole au Ipogolo ambaye wimbo wake umesikilizwa na watu mia mbili? Akiitwa polisi kesho, nani wetu atakwenda naye?

Kama jibu hatuna, tusimwombe aimbe. Kila tawi la vijana, kuanzia wiki hii, liwe na namba ya wakili na mtu mmoja wa kusimama na wasanii wa eneo lake. Tuanze hapo. Habari ya kumtafuta Sugu mwingine tuiache. Akiwepo, tutamsikia wenyewe.