Ganzi ya Miguu Ambayo Si Sukari Peke Yake

Katika nyumba zetu ganzi ya miguu ina majibu mawili yaliyo tayari: ni sukari, au mtu amefanyiwa jambo. La pili naliacha, maana halina kipimo. La kwanza huwa la kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyohiyo linaweza kuficha maradhi adimu ambayo madaktari wa Marekani waliyapa jina la POEMS mwaka 1980, kutokana na herufi za kwanza za dalili zake kwa Kiingereza.

Asili yake imo katika seli za plazma, zinazopatikana ndani ya uboho wa mifupa na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kundi moja la seli hizo huasi, likazaana na kutoa protini ya aina moja tu. Ganzi huanza nyayoni ikipanda, kisha misuli hulegea kwa wiki na miezi, hata kandambili humvuka mtu asijue. (Aliye katika hali hiyo apimiwe na mwenzake maji ya moto ya udhu.) Huandamana na mambo yasiyofanana: ngozi kuwa nyeusi, ini au wengu kuvimba, miguu kujaa maji, na mwanamume kupungukiwa na nguvu za kiume, jambo ambalo wazee wetu huona haya kulitamka mbele ya daktari kijana. Na alitamke.

Tatizo ni kwamba kila dalili hupelekwa kwa daktari wake, pasiwepo wa kuziunganisha. Wengi hutibiwa kwanza maradhi mengine ya neva, wasipate nafuu ya kudumu. Hapo jamaa waulize kwa adabu: je, protini za damu zimechambuliwa? Protini hii huwa chache mno, na kipimo kimoja kinaweza kuikosa. Kipo kingine cha kina zaidi, kiitwacho imunofikisesheni.

Tiba ipo. Uvimbe ukiwa katika mfupa mmoja huchomwa kwa mionzi. Maradhi yakienea hutumika dawa kama lenalidomidi, au mgonjwa hupandikizwa seli shina zake mwenyewe. Neva hupona polepole, pengine kwa miaka miwili au mitatu. Muda wote huo mgonjwa huswali ameketi, na sisi wa kamati za misikiti tumwekee kiti chake ndani ya safu, si barazani.