Gemu ya bure inapogharimu kuliko ya kununua

Mtoto wa miaka 12 anaomba anunuliwe gemu ya Sh200,000. Mzazi anashtuka na kukataa. Wiki moja baadaye mtoto anarudi na habari njema: ipo gemu nyingine nzuri tu, tena ni bure, inapakuliwa kwenye simu. Mzazi anashusha pumzi na kumkabidhi simu yake.

Katika nyumba nyingi, hapo ndipo matumizi huanza.

Ni kweli gemu zimepanda bei. Kuanzia mwaka 2005 hivi, gemu kubwa mpya nchini Marekani iliuzwa Dola 60, na bei hiyo ikadumu kwa takriban miaka 15. Mwaka 2020, mashine za PlayStation 5 na Xbox Series X zilipoingia sokoni, kampuni kadhaa zikapandisha hadi Dola 70. Juni 2025 Nintendo ilitoa mashine yake ya Switch 2 kwa Dola 450, na gemu ya Mario Kart World kwa Dola 80. Kwa mzazi wa hapa, Dola 80 ni zaidi ya Sh10,000 za Kenya, au karibu Sh200,000 za Tanzania.

Kampuni zina hoja yao. Gemu kubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na mishahara yao hupanda kama ya watu wengine. Pia, kilichonunuliwa Marekani kwa Dola 60 mwaka 2005 leo kinahitaji karibu Dola 100. Kwa hesabu hiyo, gemu ya Dola 80 ni nafuu kuliko ile ya zamani.

Wachezaji je, wanakubali kulipa? Inategemea wanauziwa nini. Switch 2 iliuza zaidi ya mashine milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Lakini mwaka huohuo Microsoft ilitangaza kuiuza The Outer Worlds 2 kwa Dola 80, wanunuzi wakalalamika, na kabla gemu haijatoka bei ikarudishwa Dola 70. Mnunuzi aliiona bei, akaikataa, na muuzaji akasikia.

Hiyo ndiyo faida ya bei inayoonekana. Hata ikiwa kubwa, inabisha hodi kwanza. Mzazi anaisikia, anapima mfuko wake, anakubali au anakataa. Gemu ya bure haibishi hodi. Inaingia, inazoeleka, halafu inaanza kuomba kidogokidogo.

Gemu hizo huuza vitu vya ndani: mavazi ya mhusika, silaha za rangi, dansi, nafasi ya kupita hatua ngumu. Malipo hayafanyiki kwa shilingi moja kwa moja. Kwanza mtoto hununua sarafu au almasi za gemu, kisha hutumia hizo. Almasi zikishaingia, mtoto haoni tena kwamba anatumia fedha ya unga na nauli. Mara nyingi pia mafungu ya almasi hayalingani na bei za vitu, kwa hiyo hubaki chenji isiyotosha kitu, na njia ya kuitumia ni kununua fungu jingine.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinachojaa si cha mzazi.

Fortnite ni mfano unaofahamika. Kuicheza ni bure, na sarafu zake huitwa V-Bucks. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ilitangaza kwamba Epic Games, kampuni inayoimiliki, italipa Dola milioni 245 za kurejesha fedha za wateja. Tume ilisema vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia, kwa kubonyeza mara moja tu. Ilisema pia kwamba hadi mwaka 2018 watoto waliweza kununua V-Bucks bila idhini yoyote ya mwenye kadi. Wazazi walikuja kujua fedha zikiwa zimeshakatwa.

Hata gemu ya kununua inaweza kuwa na mlango wa pili. Katika gemu za mpira za EA, zilizoitwa FIFA na sasa EA Sports FC, kuna sehemu ya Ultimate Team. Mchezaji hununua pakiti bila kujua ndani yake yumo mwanasoka gani. Anaweza kupata nyota, anaweza kuambulia wa kawaida, kisha akajaribu tena. Toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, kikosi kinajengwa upya kutoka mwanzo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, sehemu ya Ultimate Team katika gemu zote za michezo za EA iliipatia kampuni hiyo zaidi ya Dola bilioni 1.5. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia.

Tofauti inaonekana ukifikiria kibanda cha PlayStation cha mtaani. Pale mtoto hulipia mechi au muda, kwa fedha iliyo mkononi. Ikiisha, anampisha mwenzake. Kibanda kina shida zake, hasa mtoto anapokikimbilia badala ya shule, lakini fedha ikiisha mchezo umeisha. Kwenye simu iliyounganishwa na kadi au akaunti ya fedha, mwisho huo haupo.

Kuna pia upande wa afya. Tangu Januari 2022, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ICD-11, unatambua tatizo la uraibu wa gemu. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia kucheza, gemu inatangulia mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata pale inapomletea madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo mtoto anayependa gemu si mgonjwa, na aliyenunua almasi mara moja kwa simu ya mama si mraibu. Lakini mtoto anayechukua fedha kwa siri, anayekosa usingizi na kuacha marafiki kwa ajili ya gemu anahitaji msaada kabla ya kiboko. Daktari au mshauri wa shule ni mahali pa kuanzia.

Mzazi aanze na simu. Katika Google Play, mipangilio ya ununuzi inaweza kudai uthibitisho kwa kila malipo. Iwashe, na namba ya siri ibaki yako. Kwenye iPhone na PlayStation kuna mipangilio ya familia ya kuidhinisha manunuzi au kuweka kikomo cha matumizi. Ondoa kadi kwenye akaunti ambayo mtoto anaitumia. Fedha ikishakatwa bila ridhaa, usingoje: Google Play hupokea maombi ya kurejeshewa fedha, na saa 48 za kwanza ndizo zenye nafasi nzuri.

Kisha uliza. Kabla ya kupakua gemu ya bure, muulize mtoto: "Hawa wanapata wapi fedha?" Mkae pamoja, afungue duka la ndani ya gemu, akuonyeshe kinachouzwa. Pigeni hesabu kwa shilingi, si kwa almasi. Mkikubaliana kiasi fulani kwa mwezi, akilinde yeye mwenyewe, na kikiisha kimeisha.

Baada ya hesabu hiyo, baadhi ya wazazi watagundua kwamba gemu waliyoikataa, ile inayolipiwa mara moja na isiyouza kitu ndani, ingewatoka kwa bei ndogo zaidi. Wengine watasema hapana kwa zote mbili. Vyovyote iwavyo, mzazi atakuwa ameamua akiwa ameiona bei.