Uchambuzi: Maji mekundu ya Nchelenge na chujio linaloifaa familia

Katika Kiswahili tumezoea kutamka "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Katika wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, pacha hao mara nyingi hutengana. Maji ya kisima kirefu chenye pampu ya mkono huweza kutoka na rangi ya kutu, yakaifanya chai kuwa nyeusi na kuacha madoa kwenye nguo nyeupe, ilhali aghalabu hayana vijidudu vya maradhi. Maji ya kisima kifupi cha uani hung'aa machoni na hayana ladha ya chuma, nayo ndiyo yanayoweza kubeba kipindupindu.

Kwa familia inayotafuta chujio la kutumia nyumbani, tofauti hiyo ndiyo msingi wa uamuzi wote. Anayenunua kifaa cha kuondoa rangi tu huenda akapata maji yanayopendeza na bado akaugua. Anayeyakimbia maji mekundu na kurudi kwenye kisima cha wazi kwa sababu ya ladha, huenda ameikimbia salama akaifuata hatari.

Ziwa, mpaka na maradhi

Ziwa Mweru hugawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wavuvi na wachuuzi huvuka kati ya Nchelenge na Kashikishi kwa upande mmoja, na Kilwa na Pweto kwa upande mwingine. Ndiyo maana Kiswahili husikika katika masoko ya samaki sambamba na Kibemba. Tangu mwaka 2017, maelfu ya watu waliokimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika walipokelewa katika kituo cha Kenani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 wengi wao wakahamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo.

Kipindupindu nacho hakijui mpaka. Maeneo ya maziwa ya kusini-mashariki mwa Kongo yamekuwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mapema mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya za Zambia zilizoripoti wagonjwa. Miezi michache baadaye, kuanzia Oktoba 2023, mlipuko mkubwa zaidi uliukumba mji mkuu, Lusaka, ukaenea nchini na kuwapata watu zaidi ya 20,000, huku zaidi ya 700 wakipoteza maisha. Uwanja wa michezo wa Heroes uligeuzwa kuwa kituo cha matibabu.

Kwa wakazi wa pwani ya ziwa hili, kalenda yenyewe huongeza ugumu. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Huo ndio wakati wa mvua, vyoo vinapofurika na maji machafu kupenya kwenye visima vifupi. Kwa maneno mengine, familia huhitaji zaidi kinga ya maji katika miezi ileile ambayo mfuko wake ni mwepesi kuliko wakati mwingine wowote.

Wekundu unatoka wapi?

Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Luapula yana asili ya uchachu, yaani asidi kidogo. Maji ya namna hiyo hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki ambayo kwa miaka mingi yalitumika kwenye pampu za mkono za aina ya India Mark II. Kutu ya bomba huingia majini. Kwingineko chuma hutoka kwenye miamba na udongo wenyewe, kikiwa kimeyeyuka na hakionekani, kisha hubadilika rangi kinapokutana na hewa.

Ipo njia nyepesi ya kubaini chanzo. Ikiwa ndoo za kwanza za alfajiri ni nyekundu na zinazofuata hupungua rangi kadiri watu wanavyopampu, mshukiwa mkuu ni bomba. Ikiwa rangi haibadiliki kutwa nzima, chuma kimo ardhini. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa katika hali ya kwanza dawa si chujio hata kidogo. Dawa ni kung'oa mabomba hayo na kuweka ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, na kazi hiyo ni ya kamati ya kisima na mamlaka ya wilaya, si ya mama mmoja na ndoo yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, halikuweka kiwango cha chuma katika maji kwa sababu za kiafya. Linaeleza tu kwamba kikizidi takriban miligramu 0.3 kwa lita, huanza kuacha madoa na kuharibu ladha. Madhara yake makubwa huja kwa njia ya kuzunguka, pale watu wanapokinai maji ya pampu na kurudi kwenye kisima cha kuchimba kwa mkono au ziwani.

Kila chujio na kazi yake

Kwa maji mekundu, njia ya gharama ndogo ni hewa na mchanga. Maji humiminwa mara kadhaa kutoka ndoo moja hadi nyingine ili yapate hewa, huachwa yatulie usiku kucha, kisha hupitishwa katika chujio la mchanga uliooshwa vizuri. Maji yenye uchachu hukawia kuachia chuma chake, hivyo subira inahitajika. Lipo pia chujio la mchanga linalofanya kazi kwa msaada wa utando wa viumbe vidogo unaoota juu ya mchanga, lililobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada. Hilo hupunguza chuma na bakteria kwa pamoja, lakini utando wake huchukua wiki kadhaa kukomaa, na huharibika chujio likiachwa bila kutumiwa. Hata likikomaa, maji yake yatiwe dawa au yachemshwe.

Chujio la kauri, ama la umbo la chungu au la umbo la mshumaa, huzuia bakteria kwa vitundu vyake vidogo. Lina udhaifu wa aina tatu: halizuii virusi vya kutosha, huvunjika kwa urahisi, na huzibwa haraka na kutu. Mwenye maji mekundu akilitumia bila kuondoa chuma kwanza, atakuwa akilisugua kila mara.

Machujio ya kisasa yenye nyuzi nyembamba za plastiki, zilizo wazi ndani kama mirija, huzuia bakteria vizuri zaidi, na yale yenye vitundu vidogo zaidi huzuia hata virusi. Haya husafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume. Asiyeonyeshwa namna ya kufanya hivyo ataliona limeziba na kulitupa.

Vipo pia vifaa vinavyosukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando ili kuondoa chumvi. Hivyo hufaa penye maji ya chumvi. Huhitaji umeme na humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia. Baada ya ukame ulioifanya serikali ya Zambia kutangaza janga la kitaifa Februari 2024, na mgao mkali wa umeme uliofuata, kifaa cha namna hiyo ni mzigo kwa nyumba ya kijijini yenye tatizo la chuma na vijidudu tu.

Dawa ya klorini haichuji kitu, bali huua. Hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na maji huachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Huangamiza bakteria wa kipindupindu kwa ufanisi, na hubaki majini ikiyalinda yasichafuliwe upya, jambo ambalo hakuna chujio linaloweza. Lakini chuma huimeza dawa hiyo kabla haijafika kwa vijidudu, na maji yakageuka kahawia. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: kuondoa chuma kwanza, kisha kutia klorini.

Kuchemsha hadi maji yatokote sawasawa kwa dakika moja kunatosha kuua vijidudu vyote vya maradhi, ila kunahitaji kuni au mkaa, na maji yaliyopoa hayana kinga tena. Kwa wale wanaochota ziwani, utafiti uliofanywa Bangladesh na timu ya Rita Colwell na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa bakteria hao hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini. Nusu si kinga kamili, lakini kwa asiye na kingine ni bora kuliko kutofanya lolote.

Jambo la mwisho kwa upande wa nyumba ni chombo cha kuhifadhia. Maji yaliyochujwa kwa uangalifu huchafuliwa upya na kikombe kinachochovywa na mkono wa mtoto. Dumu la mdomo mwembamba, au ndoo yenye kifuniko na bomba dogo chini, hulinda kazi yote iliyotangulia.

Mzigo ni wa nani?

Mjadala wa chujio una hatari ya kuficha swali kubwa zaidi. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinasema pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500, na choo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisimani. Karibu na ziwa, ambako maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi, mita hizo ni uhai. Makazi ya wavuvi yanayosongamana ufukweni huzifanya ziwe vigumu kupatikana.

Chujio la nyumbani huokoa maisha leo, na hakuna sababu ya kuiambia familia isubiri. Hata hivyo halitengenezi bomba lililooza, halihamishi choo, wala halimfikii mvuvi aliye kambini. Vilevile humwachia mwenye kipato kidogo gharama ya kurekebisha kosa ambalo hakulifanya: kisima kilichofungwa mabomba yasiyoyafaa maji ya eneo lake.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkazi wa Nchelenge au Mantapala lisiwe ni chujio lipi linauzwa, bali ni maji yapi anayachota na yana kasoro gani. Akiwa na pampu yenye maji mekundu, ashikamane nayo, aondoe chuma, kisha atie dawa. Akiwa na kisima cha wazi chenye maji maangavu, asiyaamini macho yake, na aue vijidudu kila siku. Na kamati ya kisima itakapokutana, kabla ya mvua za Novemba, aulize mabomba ya pampu yao ni ya nini na yatabadilishwa lini.