Kiesperanto na Mwanafunzi wa Gusii
Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa Kisii au Nyamira anayetaka kujifunza Kiesperanto, lugha ya kubuni, hana budi kutafuta vitabu vya Kiingereza. Rai hii ni potofu. Mwaka 1887 Zamenhof alichapisha kitabu chake cha kwanza kwa Kirusi, na mwaka huohuo kikatoka kwa Kipolishi, Kifaransa na Kijerumani: alianzia kwenye lugha za wanafunzi. Isitoshe, msemaji wa Ekegusii, sawa na wa Kiswahili, amezoea unyambulishaji. Kiesperanto huunda *manĝigi* kutokana na *manĝi* jinsi Kiswahili kinavyounda *lisha* kutokana na *la*; Kiingereza hutumia neno jingine kabisa. Basi vitabu na viandikwe kwa Ekegusii na Kiswahili. Kumpitisha mwanafunzi kwenye Kiingereza ni kumfundisha, kabla ya somo lenyewe, kwamba lugha ya mamaye haiwezi kueleza lugha nyingine.