Adabu za Chuoni na Lugha ya Mama

Ndugu zangu wa pwani, walimu wetu waendao Kitui, Kibwezi na Makindu wanafanya kazi ya thawabu, wala sikusudii kuwavunja moyo. Lakini nililolisikia katika chuo kimoja huko bara halikunipendeza. Mtoto alijibu kwa Kikamba, akaambiwa aache lugha ya kishenzi. Ushenzi gani huo?

Sura Ibrahim, aya ya 4, yatueleza kuwa kila mtume aliletwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilifahamu hilo. Mwaka 1932, hapo hapo Mombasa, alitoa gazeti la Al-Islah na kuandika humo kwa Kiswahili, asiyejua Kiarabu naye aelewe. Sisi tulionufaika na wema huo, mbona tunamnyima Mkamba?

Qurani isomwe kwa Kiarabu, hilo halina mjadala. Ila adabu ni jambo la kuingia moyoni. Ukitaka kumfunza mtoto wa Makueni kusaidiana, waache wavuvi na jahazi zao. Mtajie mwethya, majirani wanavyokusanyika kuchimba matuta katika shamba la mwenzao bila ujira. Hayo ameyaona. Ukimfunza kumheshimu mzazi, mwambie ndaia kwa mwaitu, kwani ndivyo amwitavyo mamake.

Mwalimu asiyejua Kikamba na awe na msaidizi mwenyeji. Vijana wa huko waliohitimu wapo. Kazi yao isiwe kututandikia mikeka tu.