Nyumba Inayomzoea Mtu

Mwanaisimu anayetafuta istilahi ya uwezo wa mitambo kujirekebisha ili imfae mtumiaji mmoja mmoja hukutana kwanza na neno 'ubinafsishaji'. Neno hilo lina kazi tayari: tangu miaka ya 1990 limetaja uuzaji wa mashirika ya umma kwa watu binafsi. Baadhi ya wafasiri wa programu hulikwepa kwa kusema 'kuweka mapendeleo'. Hiyo nayo humwonyesha mtumiaji kana kwamba ndiye anayeweka, ilhali katika makazi yenye tarakilishi zilizofichwa ukutani, mtambo ndio unaomsoma yeye.

Mwaka wa 1991 Mark Weiser, mtafiti wa Xerox huko California, aliandika kuhusu tarakilishi zitakazoenea kila mahali hata zisitambulike. Katika mwongo huo huo Michael Mozer wa Chuo Kikuu cha Colorado aliigeuza nyumba yake mjini Boulder kuwa maabara. Vihisi vipatavyo 75 vilifuatilia joto, mwanga, sauti na mwendo. Programu ikajifunza saa zake za kurudi na mwanga aliopendelea. Kila alipoigusa swichi kwa mkono wake, nyumba ilihesabu tendo hilo kuwa sahihisho. Uzuri wa jaribio lile ni kwamba aliyesomwa ndiye aliyekuwa mwalimu.

Leo mambo ni mengine. Rekodi za spika zinazosikiliza na za vidhibiti vya joto vinavyojifunza aghalabu hukaa katika seva za kampuni, mbali na nyumba yenyewe. Hapo ile maana ya kwanza ya 'ubinafsishaji' hurejea bila kualikwa: mazoea ya mtu yamegeuzwa mali ya mwingine.

Watetezi watasema sheria ipo. Ni kweli: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 humpa mhusika haki ya kuziona data zake na kudai zile za uongo zisahihishwe. Lakini makisio ya nyumba si uongo. Mathalani, mjane aliyezoea kulala saa nne pamoja na mumewe, taa zikiendelea kumfifilia saa hiyo hiyo baada ya matanga, hajadanganywa na yeyote. Ameshikiliwa tu katika maisha yaliyokwisha. (Na sebule ya watu saba itatii mapendeleo ya nani? Bila shaka ya yule aliyeunganisha simu yake, ambaye mara chache huwa ndiye bibi wa nyumba.)

Yamkini istilahi inayofaa zaidi ni 'uzoeaji', kwa kuwa nyumba humzoea mtu. Kiswahili kinajua kuwa kuzoeana kuna mpaka, aliyeuvuka huambiwa, "Usinizoee!" Kila kifaa kinachoingizwa nyumbani kinastahili kuwa na mahali pa kuambiwa hivyo, papo hapo ukutani, wala si katika ukurasa wa arobaini wa masharti.