Bodi Haina Foleni ya Matreila

Ndugu zangu wa Sigalame, Funyula, Bumala, Busia mjini, Alupe, Amagoro na Malaba, naomba tuongee kuhusu barabara. Si ile ambayo bado haijatiwa lami. Hiyo tunaiongelea kila msimu wa kura. Nataka tuongee kuhusu ile ambayo lami imeshafika, na jinsi tunavyofundishana kuitumia.

Hapa kwetu kijana hujifunza kuendesha kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya shule ya udereva. Analipa, anapata leseni ya muda, gari linabandikwa herufi L mbele na nyuma, na kabla ya mtihani anasimamishwa mbele ya bodi. Waliopitia huko wanaijua: ubao uliochorwa mji mzima, una raundabauti, makutano, maegesho na alama zote, pamoja na kigari cha kuchezea ambacho mwanafunzi anakisukuma kwa vidole huku akiulizwa, "Umetoka hapa, unaenda kule, pita tuone." Anapita vizuri, anatoa kipaumbele kwa wanaotoka kulia kwake, anaegesha, anapongezwa.

Njia ya pili ni ya kuazima pikipiki ya binamu, kuzunguka nayo uwanja wa shule ya msingi jioni mbili tatu, na wiki inayofuata mtu yuko steji anaita abiria. Njia gani ina watu wengi zaidi? Nenda steji yoyote ukaulize, mradi wajue wewe si polisi.

Huyu wa pili tumezoea kumlaumu, na ni haki. Lakini hata yule wa kwanza hajafunzwa barabara yetu, kwa sababu bodi ile haina foleni ya matreila. Haina tangi la mafuta, haina lori lenye usukani upande wa kushoto, haina Probox iliyobeba watu tisa, na haina usiku. Haya mambo yako Busia na Malaba, na wanaoyajua ni sisi tunaoishi nayo. Tusipoyafundisha sisi, hakuna mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, atakayekuja kutufundishia.

Chukua foleni yenyewe. Wote tunakumbuka mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa Korona na matreila yakapangana kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi nyuma. Siku za kawaida foleni ni fupi, ila haijawahi kuisha kabisa. Treila limesimama ukingoni, taa zimezimwa, dereva ameshuka kutafuta chai. Nyuma yake kuna mwanafunzi wa udereva, mikono imekaza usukani, anataka kulipita. Wanachofanya wengi wao ni kusogea mpaka mkiani mwa treila, kisha kuchungulia. Hilo ni kosa, kwa maana kadiri unavyolisogelea ndivyo linavyokuziba macho. Kaa nyuma, mbali kidogo, uione barabara ya mbele upande wa kulia kabla hujaamua. Na kama huwezi kuviona vioo vya pembeni vya lori, basi dereva wake hakuoni wewe. Vilevile, kati ya matreila mawili yaliyosimama usione nafasi tupu ukadhani hakuna mtu. Ndipo anapotokea mwanafunzi wa shule, mama mwenye beseni kichwani, au pikipiki iliyokatiza bila kuangalia.

Au chukua lori la usukani wa kushoto. Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na magari yao mengi yanapita hapa yakienda au yakitoka bandarini Mombasa. Dereva aliyekaa kushoto ndani ya lori, akiwa nyuma ya gari jingine, hawezi kuona kinachokuja mpaka kichwa chote cha lori kiwe kimetoka kwenye njia ya wengine. Hana nia mbaya. Ameketi mahali ambapo macho yake hayafiki. Mwenye pikipiki anayempita kwa upande wa kulia yuko mahali pabaya kuliko wote. Kijana yeyote anayebeba abiria kati ya Busia na Malaba angepaswa kulijua hili kabla ya kujua bei ya kumpeleka mtu Alupe.

Kuhusu mwendo, sheria ni nyepesi kuikumbuka. Ndani ya mji na kwenye vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa. Matatu na malori hayaruhusiwi kuzidi 80 popote, hata barabara ikiwa nyeupe. Hesabu yake inatisha zaidi ya faini. Gari linalokwenda 80 linamaliza mita 22 kwa sekunde moja, yaani kabla mguu haujagusa breki limeshaipita nyumba kubwa kutoka ukuta hadi ukuta. Na treila lililojaa, kwa mujibu wa sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, laweza kufikia tani 56. Ukiingia mbele ya kitu kama hicho ukitegemea dereva afunge breki, umemwachia kazi ambayo breki zenyewe haziwezi.

Kuna jambo jingine ambalo tumelifanya la kawaida: matawi. Lori likiharibika, mtu anakata matawi ya mti anayatandaza barabarani, anaongeza na mawe makubwa kuzuia magurudumu. Sheria inadai pembetatu zinazoakisi mwanga, na mara nyingi pembetatu ipo ndani ya lori, ila imefungwa kwenye karatasi yake isije ikaibwa. Lori likitengenezwa linaondoka, mawe yanabaki. Saa mbili usiku pikipiki yenye taa hafifu inayakuta. Anayeyaona asubuhi anayapita, na mimi na wewe tumo.

Nitasema pia kuhusu matangi ya mafuta, ijapokuwa najua ni mada chungu. Mwezi Julai 2021, huko Malanga katika kaunti ya Siaya, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kuja Busia, tangi lilianguka, watu wakaenda na mitungi, likalipuka. Waliokufa hawakupungua 13. Miaka 12 kabla yake, Januari 2009, tangi lililoanguka Sachangwan lilikuwa limeshaua zaidi ya watu 100 kwa namna hiyo hiyo. Sisi wa mpakani tumeizoea mno petroli ya mtungi, mpaka harufu yake haitushtui. Basi kila nyumba ijue: tangi likianguka, unakimbia kwenda kule upepo unakotoka, unazuia watoto, simu na sigara haviguswi. Mwenye kuja na mtungi azuiwe na jirani yake, hata kwa nguvu. Najua njaa ipo. Moto ule haukuuliza nani ana njaa.

Na Londiani je? Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia likaingia steji, kwenye matatu, pikipiki na meza za wauzaji. Zaidi ya watu 50 walikufa, na wengi wao hawakuwa wakiendesha chochote. Hebu angalia vituo vyetu wenyewe. Mahindi yanachomwa hatua moja kutoka kwenye lami, bodaboda wamepanga magurudumu ya mbele juu ya mstari, matatu inashusha katikati. Tunaita biashara kuchangamka.

Takwimu za NTSA zinasema tangu 2021 nchi yetu imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Mwaka 2024 walikuwa 4,748. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi, wakifuatwa na watu wa pikipiki. Halafu tunakutana matangani, mtu anasimama na kusema ajali haina kinga. Mimi methali hiyo nimeichoka. Imekuwa shuka la kufunikia uzembe wa aliyempa mtoto wa darasa la nane ufunguo wa pikipiki.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Nikitazama steji zetu, naona hatukosi umoja. Mwenzetu akigongwa, kabla hajafika hospitali ya rufaa kikundi cha WhatsApp kimeshafunguliwa, namba ya kuchangia imetumwa, mweka hazina ameteuliwa. Jioni zinapatikana elfu kumi, elfu ishirini. Akifa, tunapanda pikipiki hamsini kumsindikiza tukipiga honi, na ng'ombe anapatikana. Pesa ipo, basi. Inatoka baada ya mtu kuvunjika. Nataka itoke kabla.

Kila chama cha bodaboda kiwe na mzunguko wa leseni, kama ule wa kununuliana magodoro. Wanachama wachange kila wiki, na kila fungu likitimia mmoja wao aende shule ya udereva apate leseni ya daraja la A3, ambalo ni la pikipiki za abiria na tuktuk. Wanaoanza ni wale wachanga, siyo viongozi. Kikundi kisicho na leseni chini ya mwenyekiti mwenye leseni hakitufai. Hoja kwamba mia ya askari ni rahisi kuliko ada ya shule nimeisikia mara nyingi. Ijumlishe hiyo mia kwa mwaka mzima, halafu urudi tuongee.

Wenye pikipiki mnaokodisha kwa hesabu ya siku, ninyi ndio wenye ufunguo, kwa maana halisi. Mwambie kijana: leseni kwanza, kofia mbili, jaketi inayong'aa. Sheria inamtaka abebe abiria mmoja tu. Ukikabidhi chombo kwa asiye na leseni kwa sababu hesabu yake inafika mapema, usije matangani na bahasha.

Abiria, nasi tuache kujifanya mizigo. Wa tatu asipande. Probox ikishajaa, usikubali kukalia kiti kimoja na dereva eti mnasogeleana. Mtu anayebadilisha giya kupitia magoti ya mwenzake haendeshi, anabahatisha. Ukipewa kofia ivae, na ufunge kamba ya kidevuni. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwa takriban asilimia 40. Dada zetu wanaosema inaharibu nywele, vaeni kitambaa ndani. Na tunaotembea kwa miguu tupite upande wa kulia, tukiyakabili magari, ili lijalo tulione.

Malaba kuna wazee waliostaafu kwenye matreila, watu walioendesha kutoka Mombasa hadi Kigali na Goma kwa miongo. Ujuzi wao unazeeka vibandani wakicheza drafti. Nawaomba, wazee wetu, tupeni Jumamosi moja kwa mwezi. Shule itoe uwanja, mwenye lori alilete liegeshwe pale. Vijana wapande mmoja mmoja, wakae kwenye kiti cha dereva, huku wenzao wakisimama na pikipiki pembeni na nyuma ya lori. Kila mmoja ajionee kwa macho yake ni wapi mwenzake anapotea kwenye kioo. Hakuna hotuba itakayomfundisha kama dakika tano hizo. Wanafunzi wa udereva nao waje, maana uwanjani wakikosea wanagonga hewa. Siku ya soko barabara kuu si mahali pa kufundishia klachi.

Kuna kazi ambayo ni ya serikali, na tusiibebe sisi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za mitaani, usimamizi wa magari na maegesho. Barabara kuu ziko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Kwa hiyo mikutano ya maoni ya umma kuhusu bajeti ikiitishwa, tusiende kupokea soda tu. Twende na mambo matatu yameandikwa: maegesho ya matreila nje ya barabara, taa kwenye vituo vya biashara, na nafasi ya steji na meza za wauzaji mbali na lami. Diwani aulizwe kwa jina la wadi yake, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwaka unaofuata tunarudi na karatasi ile ile.

Biashara ya bodaboda ilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kenya yote, Uganda yote na nchi za mbali wameiga kutoka kwetu. Wameiga pia mabaya yetu, kwa hiyo tuna deni.

Mkutano ujao wa steji yako, kabla ya kusoma michango, mwenyekiti aulize mbele ya wote ni nani hana leseni. Wasinyooshewe kidole wala kupigwa faini. Majina yaandikwe, achaguliwe wa kwanza, na mchango wa wiki hiyo uanze naye. Mwenye uwanja, mwenye lori na mzee mwenye Jumamosi ya kutupa, mwambieni mwenyekiti wa steji iliyo karibu nanyi wiki hii.